Kalipa Mbili Kwenye Kamba ya Nguo

Gari halikuharibika kwa siku moja. Liliharibika kwa kukaa. Fundi bomba mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Koki, aliliingiza bandani mvua zilipoanza, akasema atalitoa zikikatika. Zikakatika, zikarudi, zikakatika tena. Gari likabaki pale pale, pua ukutani, kati ya mabomba na masinki ya kazi zake za zamani, limefunikwa shuka ambayo mke wake alikuwa ameitafuta nyumba nzima. Kila Jumapili Koki aliwasha injini, akaisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama daktari, akaizima. Injini ilikuwa nzima. Kilichogoma ni magurudumu ya mbele. Breki zilikuwa zimeshika diski, kutu ikaingia katikati, na vitu viwili vikawa kimoja.

Mke wake ni fundi cherehani. Wateja humwita Mama Pacha, na Koki humwita hivyo hivyo, kwa ajili ya mabinti wao wawili ambao sasa wana nyumba zao. Hushonea sebuleni, kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na hukata vitambaa juu ya meza ya chakula. Saa ya kula, vitambaa huhamia kwenye makochi. Wakija wageni, huhamia kitandani. Koki amekalia pini mara nyingi kiasi kwamba hupapasa kiti kabla ya kukaa hata akiwa benki.

Mambo yalifika ukingoni Mama Pacha alipopata kazi ya kushona mapazia ya zahanati nzima. Marobota ya kitambaa yalishushwa asubuhi, na kufikia mchana njia pekee ya kwenda chumbani ilikuwa kupitia jikoni, kwa ubavu. Jioni alimwekea mumewe chai, akakaa mbele yake.

"Baba Pacha, nataka banda."

"Lina gari."

"Naliona. Limelala miaka yote hiyo. Hata mgonjwa hugeuzwa ubavu."

"Linawaka lile."

"Redio pia inawaka, lakini hatujaijengea nyumba."

Hakuwa amekuja kubembeleza. Alikuwa ameshazungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu, yule anayepita mtaani na mkokoteni na mizani, na mnunuzi alisema angefika Jumamosi na wenzake kulivuta. Koki aliweka kikombe chini. Gari hilo walilinunua pamoja, yeye kwa mabomba, mkewe kwa sindano. Ndilo lililowaleta mapacha nyumbani kutoka wodi ya wazazi, mmoja kwa kila mkono wa mama yao, Koki akiendesha taratibu hadi baiskeli zikampita. Hakuweza kukataa peke yake, wala mkewe hakuweza kuuza peke yake, na wote wawili walilijua hilo.

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema.

"Ufanye nini?"

"Nitengeneze breki. Litoke lenyewe, literemke mpaka njia panda, lisimame."

"Nikiwa ndani?"

"Ukiwa ndani."

Mama Pacha alitazama dirishani. Mtaa wao unateremka moja kwa moja mpaka barabara kubwa, na mteremko wake si wa kuchezea. "Likisimama, namwambia yule bwana aende zake," alisema. "Lisiposimama, usije ukalikumbatia mbele za watu."

Kalipa ni kile chuma kinachokaa juu ya diski ya gurudumu kama koleo. Ndani yake kuna pistoni, umbo lake kama kikombe kifupi. Ukikanyaga breki, mafuta huisukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, pedi hubana diski, gari husimama. Kwa mtu aliyemaliza ujana wake kwenye mabomba, hakuna jipya hapo. Ni maji yanayosukumwa kwenye njia nyembamba. Koki alijiambia hivyo alipokuwa akiweka magogo chini ya gari na kuteremsha jeki. Alijiambia tena alipovua gurudumu la kwanza. Kisha akaacha, kwa sababu alichokiona hakikufanana na kalipa wala koleo. Kilikuwa donge la kahawia lenye magamba, kama mkate ulioungua ukasahaulika kwenye mvua.

Shemeji yake, mdogo wa Mama Pacha, ni dereva wa lori, na akiwa hana safari hupitia hapo kula na kutoa ushauri. Alichuchumaa karibu na gurudumu, akagonga lile donge kwa ukucha. Gamba likaanguka.

"Shemeji, hiyo sio breki. Hiyo ni kaburi la breki."

"Nisaidie kushika spana."

"Nunua nyingine tu."

"Za gari hili hazipo. Nimeuliza."

Kweli alikuwa ameuliza. Mwenye duka la spea alipekua rafu zake zote, akapata mipira mipya ya ndani na pistoni za saizi ile ile, lakini kalipa nzima hakuwa nayo; zilikoma kuletwa siku nyingi. Kwa hiyo zile zile zilizopo ndizo zingepaswa kufufuka.

Kuzifungua kulichukua spana, nyundo, mafuta ya kulegeza kutu, na maneno ambayo Mama Pacha aliyafungia dirisha. Kutoa pistoni ilikuwa kazi nyingine. Koki alichomeka mpira wa pampu ya tairi kwenye tundu la mafuta, akaweka kipande cha ubao mbele ya pistoni ili isiruke, akafunika yote kwa gunia, akamwambia shemeji apampu. Shemeji alipampu. Hakuna kilichotokea. Akapampu tena, akisimulia habari za mzigo wa saruji alioupeleka mbali, na katikati ya saruji kukatoka mlio kama wa bunduki. Gunia lilipanda juu likashuka. Kuku wa jirani walihama upande.

Mama Pacha alitokea mlangoni na tepu yake ya kupimia shingoni. "Yupo aliyekufa?"

"Pistoni imetoka," Koki alisema.

"Na mdogo wangu?"

Shemeji alikuwa nyuma ya tangi la maji. "Nipo, dada. Nilikuwa naangalia kama tangi linavuja."

Pistoni zote mbili zilikuwa na vishimo vya kutu, hivyo zikawekwa kando, zile mpya zikachukua nafasi yake. Mwili wa kalipa, hata hivyo, ulikuwa mzima chini ya uchafu. Koki aliulowesha kwenye beseni la siki, beseni ambalo hakuuliza ni la nani, mpaka mkewe akaja kulitafuta akiwa na kitambaa mkononi.

"Nyumba nzima inanuka achari," Mama Pacha alisema.

"Inaisha leo."

"Na beseni langu?"

"Litang'aa kuliko ulivyolinunua."

Kutu iliyolainika aliisugua kwa brashi ya waya, kwenye pembe akatumia mswaki wa zamani, na mahali mswaki haukufika akatumia kijiti alichokifunga msasa nchani. Mfereji unaoshikilia mpira wa ndani aliusafisha kwa kijiti cha ubao tupu, kwa sababu mkwaruzo mmoja pale huvujisha mafuta. Aliosha kila kitu kwa maji safi, akakikausha juani hapo hapo kabla kutu mpya haijapata wazo. Ilikuwa kazi ya polepole, na aliifanya akipiga mluzi. Mtu aliyestaafu huwa na siku ndefu zisizo na umbo. Siku hizo zilikuwa na umbo la kalipa, na alikula chakula chake haraka ili arudi.

Siku ya Jumatano alimwita mkewe nje.

"Njoo uone."

"Nina pindo mkononi."

"Njoo nalo."

Mama Pacha alivaa miwani, akainama. Chuma kilikuwa cheupe kama majivu ya asubuhi, na ubavuni mwake, mahali palipokuwa na magamba, yalikuwa yamejitokeza maandishi ya kiwandani, herufi na tarakimu zilizoinuka, kali kana kwamba zimepigwa jana. Alizipitishia kidole.

"Kumbe kilikuwa na maandishi," alisema.

"Miaka yote hiyo."

Aligeuza kalipa, akaitazama upande wa pili kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine, akitafuta uzi uliolegea. Hakuupata. "Haya," alisema, akarudi ndani. Aliyemjua angesema alikuwa akijizuia kutabasamu, na Koki alimjua.

Rangi ilitoka kwa shemeji, kopo la rangi nyekundu isiyoungua kwa joto, iliyobaki alipopaka lori lake. Koki alipaka mwili wa nje tu, kwa brashi ndogo, na alipomaliza akakosa pa kuzikaushia. Chini kulikuwa na vumbi. Akafunga waya kwenye kila kalipa, akazitundika kwenye kamba ya nguo. Ya kushoto aliitundika mwisho wa kushoto, ya kulia mwisho wa kulia, akiwa amesimama upande wa banda. Hakuona haja ya alama. Kitambaa cha mapazia ya zahanati, ambacho Mama Pacha alikilowesha kwanza ili kirudi, yaani kinywee, kabla ya kukatwa, kilikuwa kimetandazwa katikati ya kamba, kikining'inia mpaka karibu na ardhi.

"Zikidondosha rangi kwenye kitambaa changu," Mama Pacha alisema, "nitakushonea suti kwa kitambaa hicho hicho, na utaivaa."

Hazikudondosha. Kesho yake, baada ya chai, Koki alitoka kwa mlango wa jikoni, akachuma kalipa zake kama mtu anayechuma matunda, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia, akazifunga kwenye gari. Kabla ya kuzifunga alipaka mafuta ya breki kwenye mipira mipya, pistoni zikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Pedi mpya. Grisi kwenye pini, kidogo. Gurudumu lilipozungushwa kwa mkono lilizunguka, likaendelea kuzunguka, na Koki alisimama akilitazama mpaka likakoma lenyewe, kisha akalizungusha tena bila sababu ya kiufundi.

Ijumaa mchana ilibaki kazi moja, kutoa hewa. Kila kalipa ina skrubu ndogo yenye tundu. Mmoja hukanyaga pedali, mwingine hulegeza skrubu, mafuta hutoka pamoja na hewa, skrubu hufungwa, na hurudiwa mpaka yatoke mafuta matupu. Hewa ikibaki ndani, mguu hubana hewa badala ya breki. Shemeji alijitolea kukanyaga, lakini mguu wake ulikuwa wa lori, unakanyaga kama unaua nyoka. Mama Pacha akaitwa. Alikaa kwenye usukani na sindano yake na pindo mapajani, na mguu wake, uliozoea cherehani, ulikuwa kamili.

"Kanyaga," Koki alisema kutoka chini. "Shikilia. Achia. Kanyaga."

Mapovu yalitoka kwenye mpira mwembamba, yakapungua, yakaisha. Upande wa pili vivyo hivyo. Koki aliinuka, akajifuta mikono, akafungua mlango, akakanyaga mwenyewe.

Pedali ilizama mpaka chini, laini kama godoro.

Wakarudia. Mafuta mengine, mapovu mengine, mafuta matupu. Pedali ikazama. Koki alikagua kila ungio kwa kitambaa kikavu. Hakuna tone lililovuja. Alikagua tangi la mafuta ya breki, limejaa. Wakarudia. Pedali ikazama.

Shemeji alikuwa ameegemea mlango wa banda akila njugu. "Shemeji, hiyo breki unaweza kuitumia, ila lazima ukanyage leo ili usimame kesho."

"Nyamaza kidogo."

"Fundi bomba ameshindwa na maji. Mimi hii naisimulia mpaka mpakani."

Koki alikaa juu ya kopo la rangi, mikono magotini. Utani wa shemeji haukumchoma. Kilichomchoma ni saa zilizobaki. Kesho asubuhi mnunuzi angefika. Kazi yote ilikuwa imekamilika, safi, nyekundu, na haikusimamisha hata toroli.

Mama Pacha alikuwa bado kwenye usukani, akimalizia pindo lake. Angeweza kumaliza, kukata uzi, kuingia ndani na kuanza kupanga meza yake mpya ya kukatia itakaa ukuta upi. Alikata uzi kwa meno.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Ukiitwa kwa watu, bomba linatema upepo badala ya maji, hewa yao huwa unaitolea wapi?"

"Juu," Koki alisema, bila kuinua kichwa. "Hewa hukaa juu siku zote. Unafungua pale palipo juu kabisa."

"Na hapa unafungua wapi?"

Koki akalala chali ardhini, kwa kasi isiyo ya umri wake, akatazama nyuma ya gurudumu. Skrubu ya kutolea hewa ilikuwa chini ya kalipa, imeelekea ardhini. Juu, mahali ilipopaswa kuwa, hewa ilikuwa imetulia kwenye chumba chake, haina wasiwasi. Akatambaa upande wa pili. Vivyo hivyo.

Hapo chini alicheka, gari zima likacheka naye kwa sababu kichwa chake kiligonga bampa. Alikuwa ametundika kalipa akiwa upande wa banda, akazitungua akiwa upande wa jikoni. Katikati yalikuwepo mapazia, hivyo hakuona kwamba amezunguka kamba, na kushoto kwake kukawa kulia. Ya kushoto alikuwa ameifunga kulia, ya kulia kushoto. Zilikaa vizuri, zikakubali bolti zote. Tofauti yake ilikuwa hiyo tu, kwamba zilisimama kichwa chini.

Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake, Koki alimfundisha somo lile lile: weka alama ncha zote mbili za bomba kabla hujalitoa, kwa sababu bomba halina uso. Mwenyewe hakuweka alama hata moja.

"Sasa nisimulie mpaka mpakani," alimwambia shemeji.

"Hii nitaisimulia mpaka ng'ambo," shemeji alisema, akaweka njugu chini, akachukua spana.

Walizibadilisha kabla jua halijazama. Skrubu zikatazama juu. Mama Pacha akakanyaga, akashikilia, akaachia, na mapovu yaliyotoka safari hii yalikuwa makubwa, ya aibu, yakibwabwaja kwenye mpira kama mtoto anayemaliza soda. Kisha yakakoma. Aliposhusha mguu tena, pedali ilisogea kidogo, ikakataa.

"Imekuwa ngumu," alisema. Alikanyaga tena, kwa nguvu. "Haiendi."

"Ungenyamaza, ungepata banda," Koki alisema kupitia dirisha.

"Sikutaka kushinda kwa hewa."

Jumamosi asubuhi Koki alijaribu kwanza ndani ya uwanja, mbele na nyuma, mwendo wa mtu anayetembea, akikanyaga kila baada ya hatua chache. Gari lilisimama kila mara, likiinamisha pua kwa adabu. Mnunuzi wa vyuma alikuwa ameshafika na wenzake wawili na kamba ya kuvutia, wameketi kwenye ukingo wa mtaro.

"Mama, tuvute au tusivute?" aliuliza.

"Subiri," Mama Pacha alisema, akaingia, akafunga mkanda, akashika mpini wa juu ya dirisha kwa mikono yote miwili.

Waliteremka. Mteremko ulilichukua gari, likaongeza mwendo lenyewe, na kwenye vibaraza watu waliinuka kulitazama gari ambalo wengine walidhani liliuzwa zamani. Shemeji alikuwa amesimama njia panda, mikono ameinyoosha kama askari wa barabarani, ingawa alikuwa tayari kuruka kando. Koki alikanyaga. Hakukanyaga kwa ghafla. Alikanyaga kama anavyofunga koki ya watu, kwa kuisikiliza. Magurudumu yakashika, mwendo ukapungua sawasawa, hakuna upande uliovuta, na gari likatulia pale pale alipokusudia, nafasi ya kutosha mbele ya shemeji, ambaye hata hivyo alikuwa amefumba macho.

Mama Pacha aliachia mpini, kidole kimoja baada ya kingine. Alitazama mbele, akatazama pembeni, kisha akacheka, kicheko kirefu kilichomlazimu kuvua miwani.

"Kweli limesimama," alisema.

"Si nilikwambia?"

"Ulinambia. Turudi juu, yule bwana anasubiri."

Mnunuzi wa vyuma aliwaona wakipanda, shemeji akiwa kiti cha nyuma, akaanza kukunja kamba yake. Mama Pacha aliteremka kabla gari halijazimwa. "Usiondoke," alimwambia. "Gari sio lako, lakini ingia bandani. Chukua mabomba yote yale, masinki, tangi lililotoboka, na ule mlango usio na nyumba."

Koki alitoka nje ya gari. "Mbona mabomba yangu? Tulikubaliana habari ya gari."

"Na gari lako lipo. Nani kaligusa?"

"Litalala wapi?"

"Hapa nje. Gari lililoshindwa kutembea ndilo lililohitaji banda. Hili linatembea, Baba Pacha. Umelitengeneza mwenyewe."

Koki alitazama gari, akatazama banda, ambamo wale vijana wawili walikuwa wameshabeba sinki la kwanza. Alihesabu mambo kichwani, polepole, kama mtu anayefuata bomba ndani ya ukuta.

"Kwa hiyo jana uliponiuliza lile swali."

"Niliuliza swali tu," Mama Pacha alisema, akatoa tepu shingoni, akaingia kupima ukuta.

Shemeji alikaa kwenye mtaro akicheka mpaka akashika mbavu. Koki naye alicheka, kwanza kwa heshima, halafu kwa kweli. Mwishoni aliingia bandani, akashika ncha ya pili ya tepu.

Mapazia ya kwanza yaliposhonwa, wao ndio walioyapeleka zahanati, yamekunjwa kwenye kiti cha nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Koki aliendesha akiwa ameinua kidevu, na mahali pasipo na mtu, wala mbuzi, wala shimo, akakanyaga breki. Gari likasimama taratibu.

"Hapa hakuna kitu," Mama Pacha alisema.

"Najua."

Alimtazama mumewe, akatazama barabara iliyobaki mbele.

"Basi twende," alisema. "Tukifika pale kwenye kona, kanyaga tena."